Mwajiri Asiyeonekana: Rubani, Mchuma Chai na Haki ya Kusema Hapana

Maneno kamili ya hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati wa Kisii na Nyamira





Tulipowaarifu kwamba mazungumzo ya leo yangehusu mishahara ya marubani wa ndege na hali ya kazi yao, tulisikia minong'ono. Marubani? Watu wanaopokea kwa mwezi mmoja fedha ambazo mkulima wa Nyansiongo hazipati kwa mwaka mzima? Watu wanaolala katika hoteli za kifahari, ilhali mwalimu wa shule ya msingi pale Ogembo anatembea kwa miguu? Mzee mmoja alituuliza kwa upole kama tumemaliza matatizo ya maskini hata tukaanza kuwalilia matajiri.

Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tunawaomba tu mtuvumilie kwa muda mfupi. Tunakusudia kuwaonyesha kwamba jambo linalompata rubani leo lilimpata mchuma chai jana, na kwamba ni jambo lile lile. Tena tunakusudia kuonyesha kwamba linahusu uhai wa kila mtu anayepanda ndege, na linahusu pia ile haki tuliyoipigania tangu mwanzo wa safari yetu ya mageuzi, yaani haki ya mtu mdogo kumwambia mkubwa, "Hapana, hili silo."

TUANZE NYUMBANI

Ndugu zetu, tuanze na majani chai. Hakuna familia katika nchi ya Gusii isiyokuwa na mtu aliyevuka mpaka kwenda Sotik au Kericho kuchuma chai katika mashamba makubwa. Wazee wetu walikwenda wakaandikwa na kampuni yenyewe. Kazi ilikuwa ngumu na ujira ulikuwa mdogo, hatusemi uongo. Lakini mchuma chai alimjua mwajiri wake. Alipougua, alijua zahanati ni ya nani. Alipodhulumiwa, alijua mlango wa kubisha, na chama cha wafanyakazi kilijua wa kushitakiwa.

Baadaye akaja mtu wa katikati, mwanakandarasi. Kampuni kubwa hailazimiki tena kumwandika mchumaji. Inampa mwanakandarasi sehemu ya kazi, naye huleta watu wake. Shamba ni lile lile, kikapu ni kile kile, na chai inakwenda katika kiwanda kile kile. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: jina lililoandikwa juu ya karatasi ya mshahara, ikiwa karatasi hiyo ipo.

Mwezi wa Februari 1923 tusingeshangaa kusikia habari kama zile tulizozisikia mwezi wa Februari 2023. Shirika la utangazaji la BBC lilionyesha wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho wakieleza jinsi walivyotakiwa kutoa miili yao ili wapate kazi. Mmoja wa walioshutumiwa alikuwa mwanakandarasi aliyeleta vibarua katika shamba la kampuni ya kimataifa. Kampuni ikatangaza kumsimamisha. Sisi twauliza: kabla ya siku hiyo, mama aliyenyanyaswa angekwenda kulia kwa nani? Kwa kampuni, ambayo haikumwandika? Au kwa mwanakandarasi, ambaye ndiye aliyemnyanyasa?

Hapo ndipo penye fundo la hotuba yetu. Mwenye mali anapomweka mtu wa katikati, huondoa mkono wake katika wajibu bila kuuondoa katika faida. Likumbukeni jambo hilo, kwa maana sasa tunapanda nalo angani.

JINSI KAZI INAVYOHAMISHWA

Zamani rubani alikuwa mtumishi wa shirika moja la nchi moja. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikuwa la namna hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo, nayo ikaajiri marubani wake wenyewe, chini ya sheria za Kenya, katika uwanja wa Kenya.

Wenye meli walikuwa wametangulia kugundua hila. Meli ya tajiri wa Ulaya inaweza kuandikishwa Liberia au Panama, ikapeperusha bendera ya huko, ikaajiri mabaharia kutoka nchi maskini kupitia kwa wakala aliyeko nchi ya nne. Baharia akidhulumiwa katikati ya bahari, atashitaki wapi? Mwenye meli yuko huku, bendera iko kule, wakala yuko kwingine, naye baharia yuko majini.

Katika miaka ya karibuni hila hiyo imepandishwa angani kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kuanzisha kampuni tanzu katika nchi ambayo sheria zake ni nyepesi, ndege zikaandikishwa huko. Ya pili ni kumwajiri rubani kupitia kwa wakala, kwa mkataba wa muda. Ya tatu ni kumlazimisha rubani ajiandikishe kama mfanyabiashara anayejitegemea, alipwe kwa saa anazoruka tu. Akiugua halipwi, na asipopangiwa safari halipwi. Ya nne ni kukodi ndege pamoja na marubani wake kutoka kampuni nyingine ya bei nafuu, huku abiria akidhani amepanda ndege ya shirika alilonunua tiketi yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, uliotolewa mwaka 2015 kwa msaada wa Halmashauri ya Ulaya, ulionyesha kwamba zaidi ya rubani mmoja kati ya 6 miongoni mwa waliohojiwa barani humo hakuwa ameajiriwa moja kwa moja na shirika aliloliendeshea ndege.

Tutoe mfano mmoja kwa ukamilifu, maana mfano mmoja unaoeleweka ni bora kuliko kumi ya kupita. Shirika la Norwegian, la nchi ya Norway, liliunda kampuni tanzu nchini Ireland ili liruke mpaka Marekani. Norway yenyewe si maskini, na sheria zake za kazi ni miongoni mwa zile zinazomlinda sana mfanyakazi duniani. Sasa kwa nini shirika la Norway lihamie Ireland? Vyama vya marubani wa Marekani na Ulaya vilisema wazi kwamba sababu ni kukwepa sheria hizo, vikionyesha marubani walioajiriwa kupitia kwa wakala wa Singapore wakiwa na kituo chao Bangkok. Mabishano yalianza mwishoni mwa mwaka 2013, na kibali cha Marekani kikatolewa mwezi wa Desemba 2016. Shirika likapewa ruhusa, na tiketi zikauzwa kwa bei ya chini, na wasafiri wakafurahi.

Kisha ukaja ugonjwa wa Korona. Marubani na wahudumu wengi wa shirika hilo katika Sweden na Denmark walikuwa wameandikwa na kampuni tanzu ambazo kazi yake ilikuwa kutoa watu tu. Mwezi wa Aprili 2020 kampuni tanzu 4 za namna hiyo zikatangazwa kufilisika. Marubani zaidi ya 1,500 na wahudumu wa ndani ya ndege zaidi ya 3,000 wakaguswa kwa siku moja. Angalieni jambo hili, ndugu zetu. Shirika mama halikufilisika siku hiyo, wala hata leo halijafa, linaruka. Kilichokufa ni karatasi iliyokuwa imewaandika watu. Ndege zilibaki upande mmoja wa ukuta, na wafanyakazi wakabaki upande wa pili.

Je, hiyo si hadithi ya mwanakandarasi wa shamba la chai? Tofauti yake ni sare na kofia tu.

YALIYOTOKEA KENYA

Mwaweza kusema: hayo ni ya Wazungu. Basi tuje kwetu.

Mwaka 1996 Serikali iliuza sehemu kubwa ya Kenya Airways. Shirika la KLM la Uholanzi lilichukua asilimia 26 ya hisa, na hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi katika soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka kadhaa shirika lilipata faida na likasifiwa kote Afrika. Baadaye wakubwa wake wakaota ndoto ya kununua ndege nyingi na kuruka kila pembe ya dunia, na ndoto ikageuka deni.

Mwaka 2012 shirika likapunguza wafanyakazi. Wafanyakazi 447 walioachishwa walikwenda mahakamani kupitia chama chao. Mwezi wa Desemba mwaka huo Mahakama ya Viwanda iliamuru warudishwe kazini. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri ya kuwarudisha, ingawa ilikubali kwamba hawakushauriwa inavyostahili kabla ya kufukuzwa. Miaka hiyo hiyo, sehemu ya kazi zilizokuwa za waajiriwa wa kudumu ilikuwa ikifanywa na watu walioletwa na kampuni ya wakala. Sare ya shirika, kazi ya shirika, lakini mwajiri ni mwingine. Mtu wa katikati alikuwa amefika uwanja wa ndege.

Je, kupunguza watu kuliliponya shirika? Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 lilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7, na mwaka uliofuata hasara ikapita bilioni 26. Mwaka 2016 likakodisha ndege zake kubwa kwa Turkish Airlines na Oman Air. Ndege ikikodishwa nje, kazi ya rubani huenda nayo, na marubani wetu waliosomeshwa kwa jasho wakaendelea kuitwa na mashirika ya Ghuba. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa, na Serikali, yaani mimi nawe mlipa kodi, ikabaki na asilimia 48.9.

Ilipofika tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma chini ya chama chao, KALPA. Walidai mambo mawili makubwa: fedha za hazina ya akiba ya uzeeni, ambazo mwajiri aliacha kuzichangia wakati wa Korona, na mishahara ambayo malipo yake yaliahirishwa mwaka 2020. Maelfu ya wasafiri walikwama. Marubani waliitwa wahujumu wa uchumi. Mahakama iliwaamuru warudi kazini tarehe 9 Novemba, nao wakarudi, na shauri likaendelea mbele ya sheria.

Hatukuja hapa kusema kwamba marubani hao walikuwa malaika. Wapo wasafiri waliokosa mazishi ya wazazi wao kwa ajili ya mgomo huo, na uchungu wao ni wa kweli. Lakini tazameni jambo moja. Rubani wa Kenya Airways angali ameandikwa na shirika lenyewe, ana chama, na ana mkataba wa pamoja. Ndiyo maana aliweza kugoma, akashitakiwa kwa jina lake, akasikilizwa na hakimu wa nchi yake. Mfanyakazi aliyeletwa na wakala hana haja ya kufukuzwa akigoma; mkataba wake hauandikwi tena, basi. Ukuta wa rubani haujaanguka nchini kwetu, bali umebaki peke yake, kwa maana kuta za waliokuwa chini yake zilibomolewa kwanza.

USINGIZI NA SABATO

Sasa tunafika mahali ambapo jambo hili linamgusa kila mmoja, hata yule ambaye hatapanda ndege maisha yake yote, bali mwanawe yuko Minnesota au Dubai na hurudi nyumbani wakati wa likizo.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ndogo ilitoka Newark kuelekea Buffalo, nchini Marekani. Ubavuni ilikuwa na jina la shirika kubwa, Continental. Lakini aliyeiendesha hasa alikuwa Colgan Air, kampuni ndogo iliyopewa safari hizo kwa mkataba. Ndege ikaanguka karibu na Buffalo. Watu wote 49 waliokuwamo wakafa, na mtu mmoja zaidi aliyekuwa nyumbani kwake.

Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa jinsi kapteni alivyoitikia vibaya onyo la ndege. Hatutaki kukuza neno lao. Lakini walisema pia kwamba huenda uchovu uliwapunguzia marubani wote wawili uwezo wao. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi, kutoka Seattle, ili afike kazini. Katika uchunguzi ulizuka mjadala mkubwa juu ya mshahara wake mdogo na juu ya mahali ambapo mtu mwenye mshahara kama huo angeweza kulala karibu na kituo chake cha kazi.

Ndugu Waadventista mliomo humu, ninyi mnajua maana ya pumziko kuliko wengi. Amri ya pumziko katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati haikutolewa kwa mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Kwa nini? Kwa sababu Mungu alijua kwamba mwenye mali atapumzika hata bila kuamriwa, bali mtumishi hatapumzika asipolindwa na sheria.

Zipo sheria za saa za kuruka na saa za kupumzika kwa marubani duniani kote, na Kenya pia inazo. Lakini sheria hiyo ina mlinzi mmoja ambaye hana mbadala: ni rubani mwenyewe, anapoamka na kusema, "Leo sifai kuruka." Hakuna chombo cha kupima usingizi wa mtu. Basi tuulize: ni rubani gani atakayesema maneno hayo? Ni yule mwenye mkataba, mwenye chama, anayejua kwamba mwisho wa mwezi atalipwa? Au ni yule anayelipwa kwa saa, mwenye deni la mafunzo shingoni, ambaye wakala wake anaweza kumwacha bila kueleza sababu? Mwajiri asiyeonekana hahitaji kumtisha mtu. Mkataba umeshamtisha.

Hiyo ndiyo sababu tunasema mshahara na hali ya rubani si jambo la rubani peke yake. Anayenunua ukimya wa rubani anauza usalama wa abiria.

MGALA MUUE NA HAKI MPE

Haki inatutaka tusikilize na upande wa pili. Wenye mashirika wanasema: faida ya kuruka ni nyembamba, mafuta yananunuliwa kwa dola, ndege zinakodiwa kwa dola, na mashindano kutoka Ghuba na Addis Ababa hayana huruma. Hayo ni kweli. Wanasema mshahara wa rubani ni mkubwa katika nchi maskini. Hilo pia ni kweli, na mkulima wa Kebirigo ambaye kodi yake ya sukari na mafuta ya taa imetumika kuliokoa shirika ana haki ya kukasirika.

Lakini tunajibu hivi. Hasara ya mwaka 2015 haikuletwa na mishahara ya wahudumu waliofukuzwa mwaka 2012, kwa maana walikuwa wameshaondoka. Mwaka 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka mingi, likiwa na marubani wale wale walioitwa wahujumu. Kama mshahara ni mkubwa mno, mahali pa kusema hivyo ni mezani, penye chama na mwajiri, hesabu zikiwa wazi mbele ya wote. Kuuhamisha mkataba mahali ambapo meza haipo si kupunguza gharama. Ni kuikimbia hoja.

Tena tunamjibu yule mzee aliyetuuliza swali la kwanza. Mzee wetu, dhuluma ya namna hii haianzi kwa rubani, huishia kwake. Ilianza na kibarua wa shambani, na hatukusema. Ikapanda kwa askari wa lango na mfagiaji wa ofisi, na hatukusema. Ikafika kwa mbeba mizigo na mhudumu wa ndege. Ikiwa itamwangusha hata yule mwenye elimu, chama na wakili, je, binti yako anayechuma chai kule Sotik atasimama na nani?

SHERIA NA KANISA VINASEMAJE

Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010, baada ya miaka ishirini ya machozi, ina Kifungu cha 41. Kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, kulipwa ujira wa haki, kufanya kazi katika hali ya heshima, kujiunga na chama, na kugoma. Hakisemi "kila mtu isipokuwa aliyeletwa na wakala." Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, mahakama yetu ya kazi ilieleza kwamba mwajiri anaweza kutoa kazi nje, lakini asifanye hivyo ili kuwakwepa wafanyakazi na haki walizokwisha kuzipata. Sheria ipo, ndugu zetu. Kinachokosekana ni sauti ya kuidai.

Makanisa nayo hayakunyamaza. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens. Ndani yake alitofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja, akafundisha kwamba huyu wa pili naye, ambaye haandiki mkataba lakini ndiye anayeamua masharti, ana wajibu mbele ya haki. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya wengi wa vijana waliomo humu kuzaliwa, lakini yanamfaa mwanakandarasi wa chai na wakala wa Singapore kama vazi lililokatwa kwa kipimo. Naye Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Hakuuliza kama ujira ulizuiliwa na mwenye shamba au na mtu wake wa katikati.

TUNAOMBA NINI

Wapo wanaotuuliza: hotuba hizi zimeleta nini? Tukumbushane jambo la karibuni. Mwaka 2024 wananchi waligundua kwamba ulikuwapo mpango wa kuipa kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Mawakili na watetezi wa haki za binadamu wakaenda mahakamani. Tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa viwanja vya ndege wakagoma, wakisema ajira zao zitapotea na masharti yao yataandikwa na wageni. Tarehe 21 Novemba Rais mwenyewe akasimama Bungeni akatangaza kuufuta mpango huo. Waliokuwa wadogo walisema hapana, na ikawa hapana.

Basi tunaweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza, kila kanisa lenye tume ya haki na amani lianze daftari la vijana wake wanaofanya kazi kupitia kwa wakala, ndani ya nchi na katika Ghuba, liandike jina la wakala na jina la mwajiri halisi. Mtu asiyejulikana mwajiri wake asipotee bila shahidi.

La pili, wabunge wetu wa Kisii na Nyamira waulizwe hadharani, katika kila mkutano: utaunga mkono sheria itakayomfanya mwenye kazi awajibike pamoja na wakala wake? Ajibu ndiyo au la. Tumechoka na majibu ya "tutaangalia."

La tatu, kwa kuwa Serikali inamiliki sehemu kubwa ya Kenya Airways kwa fedha zetu, mpango wowote wa kuhamisha kazi za marubani, mafundi au wahudumu uletwe Bungeni na kwa vyama vya wafanyakazi kabla haujatiwa sahihi. Na abiria aelezwe, kabla hajatoa fedha zake, ni kampuni gani itakayoendesha ndege atakayopanda. Jamaa za waliokufa karibu na Buffalo walilipigania jambo hilo pamoja na saa za mapumziko na mafunzo ya marubani, wakapata sheria mwaka 2010. Walikuwa watu wa kawaida, wenye picha za marehemu wao mikononi. Nasi tunaweza.

La nne ni kwa vyama vya marubani wenyewe, nao tunawaambia kama ndugu: mlipogoma, mlitaka nchi iwaelewe. Je, mlisimama wapi alipoondolewa mhudumu aliyekuwa akiwaletea chai ndani ya ndege yenu? Atakayetaka kutetewa na wengi na awatetee wengi. Mkono mmoja haulei mwana.

Ndugu zetu, mwaka 1991, Kifungu cha 2A kilipofutwa, tulidhani kazi imekwisha, kwa maana tulidhani nguvu iliyotukandamiza ilikuwa na ofisi moja, jengo moja na sura moja. Leo nguvu hiyo imejifunza kutokuwa na sura. Haipigi marufuku chama chako. Inahakikisha tu kwamba hakuna mwajiri wa chama hicho kuzungumza naye. Kuitafuta sura hiyo na kuiita kwa jina lake ndiyo kazi ya mageuzi iliyobaki.

Rubani akiweza kusema, "Leo nimechoka, siruki," na asipoteze mkate wake, na mchuma chai akiweza kusema, "Usiniguse," na asipoteze kikapu chake, hapo tutajua kwamba safari tuliyoianza imekaribia kutua.

Mungu awabariki, na Mungu aibariki Kenya.